NAHODHA NA STESHENI MASTA: NANI APATA NINI, NA NANI APANDA WAPI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa relwe mbele ya mabaharia, mafundi wa vyombo na wafanyakazi wa bandari, Amu.)



Nilipopata barua ya kuniita hapa nilicheka kidogo. Mtu wa relwe kuitwa Amu aje kusema habari za kazi! Hapa hapana hata taruma moja la reli. Najua reli ya Lamu imo katika ramani tangu tarehe 2 Machi 2012, siku ile Rais Kibaki alipokuja kuanzisha kazi ya bandari mpya pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudani Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na siku hiyo mizigo ilishuka mahali pasipo garimoshi la kuichukua. Basi mimi ndiye garimoshi la kwanza kufika, na nimekuja kwa mashua kutoka Mokowe.

Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaingia relwe katika magengi ya njia nikibeba nyundo, na baadaye nikapewa kazi ya pointi. Miaka yangu haijafika arobaini. Lakini mtu wa pointi hukaa mlangoni pa stesheni masta usiku na mchana. Humwona akila, akiandika, akigombezwa na wakubwa, na akihesabu siku za mwisho wa mwezi kama sisi. Kwa hiyo habari za stesheni masta nazijua kwa macho. Habari za nahodha nimezipata kwa masikio, kwa wazee wa Matondoni na wa hapa mjini walionivumilia siku zote hizi na maswali yangu. Nikikosea neno la chomboni, nisahihisheni papo hapo.

Swali lililoandikwa katika barua ni hili. Kijana wa Amu amemaliza kidato cha nne. Baba yake ni nahodha. Nafasi za usimamizi zatangazwa bandarini, na siku moja huenda zikatangazwa relwe. Je, ashike usukani wa baba yake, au atafute kiti cha ofisi?

Nimechagua kulinganisha nahodha na stesheni masta kwa sababu watu hawa wawili wafanana kuliko wanavyodhani wenyewe. Kila mmoja ni mkubwa wa mahali pake. Kila mmoja amekabidhiwa mali isiyo yake, na roho za watu zisizo zake. Stesheni masta hawezi kuruhusu garimoshi liondoke mpaka amepata kauli ya stesheni ya mbele kwamba njia ni tupu, na akikosea kauli hiyo, magari mawili hukutana njiani. Nahodha hawezi kutweka tanga mpaka ametazama maji, upepo na shehena, na akikosea, hakuna wa kumpigia simu. Tena wote wawili huandika au hukumbuka fedha za watu wengine: huyu tikiti na vifurushi, yule nauli na posho. Nahodha aliye na chombo chake mwenyewe simsemi leo. Huyo ni tajiri, naye ana mkutano wake. Namsema nahodha anayeendesha chombo cha mtu.

Sasa tuje kwenye fedha.

Stesheni masta hulipwa kwa mwezi. Kiasi chake sitakitaja, maana kuna madaraja, kuna reli ya zamani na reli mpya, na mtu akitaja namba moja huzua ugomvi. Lakini namna ya kulipwa ni moja: namba iliyo katika hati yake waizidisha mara 12, na hiyo ndiyo hesabu ya mwaka. Garimoshi likija tupu au likija limejaa, namba ni ile ile.

Nahodha hulipwa kwa mgao. Desturi zatofautiana chombo kwa chombo, lakini niliyoelezwa na wengi ni hii: nauli ikishalipwa, hutolewa kwanza gharama za safari, yaani chakula, mafuta ya mashine na mambo ya gati. Kinachobaki hukatwa nusu. Nusu moja ni ya chombo, yaani ya mwenye chombo. Nusu ya pili ni ya watu. Baharia ana sehemu moja, nahodha ana zaidi ya moja, na mara nyingi mwenye chombo humwongeza nahodha kitu kutoka katika nusu yake ili asimkimbie.

Nitaweka namba za kuhesabia tu, na kila mtu ataweka zake badala yake. Tuseme nauli ni shilingi 60,000 na gharama 12,000. Zimebaki 48,000. Nusu ya chombo 24,000, nusu ya watu 24,000. Mabaharia ni sita, kila mmoja sehemu moja, na nahodha sehemu mbili: jumla sehemu nane. Sehemu moja ni shilingi 3,000. Nahodha amepata 6,000, na mwenye chombo amemwongeza 4,000. Safari moja imempa shilingi 10,000. Katika mwezi mzuri akienda safari tatu, amerudi nyumbani na 30,000, na mtaa mzima wajua.

Hapo ndipo watu husema, "Nahodha apata elfu thelathini." Lakini mwaka una miezi 12. Kusi likikaza mwezi wa sita na wa saba, chombo hufungwa. Kuna mwezi wa kupaka chombo na kukikalafati, kuna mwezi usio na shehena. Tuseme miezi minne ina safari tatu tatu, miezi mitano ina safari moja moja, na miezi mitatu haina kitu. Hizo ni safari 17, yaani shilingi 170,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12: ni shilingi 14,000 na ushei kwa mwezi. Yule wa elfu thelathini ameyeyuka.

Na baharia wake? Shilingi 3,000 mara 17 ni 51,000. Kwa mwezi ni 4,250. Sasa sikilizeni. Kwa tangazo la kima cha chini la mwaka wa 2022, kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu alitakiwa alipwe shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi. Kibarua wa sehemu zisizokuwa manispaa za zamani, na Lamu ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti na si manispaa, alitakiwa alipwe 8,109 na senti 90. Tangazo la mwaka wa 2024 liliongeza sita kwa mia juu ya hapo. Katika orodha ya tangazo hilo utamwona mlinzi wa usiku, mpishi, dreva, fundi wa kila daraja. Nahodha hayumo. Baharia wa jahazi hayumo. Basi kwa namba zangu za mfano, baharia amepata karibu nusu ya kibarua wa kufyeka majani, na anayempa fedha hizo mkononi ni nahodha, mtu wake, mara nyingi mjomba wake. Mwenye chombo haonekani.

Mzee mmoja aliniambia juzi, "Bwana wa relwe, hesabu yako ina kasoro. Umesahau kitoweo." Ni kweli. Baharia hula chomboni, na haendi nyumbani mikono mitupu. Vile vile stesheni masta hukaa nyumba ya relwe. Lakini hapo pia tazameni tofauti. Samaki akishaliwa hakuna deni. Nyumba ya relwe ni ya kazi, na siku ya kustaafu yataka uhame na watoto na vyombo vyote. Nimewaona mabwana waliokaa stesheni miaka mingi ambao siku ya kuondoka hawakuwa na pa kuelekea, kwa kuwa walihamishwa kila baada ya miaka michache na hawakupata nafasi ya kujenga kwao. Nahodha wa Amu ana nyumba. Huenda ni ya kuti, huenda ni ya mawe ya babu yake, lakini hakuna barua itakayomtoa.

Kuna mshahara mwingine usioonekana, na hapa ndipo nahodha anapopigwa. Chini ya sheria ya NSSF ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutozwa kwa viwango vyake vipya mwezi wa Februari 2023, mfanyakazi hukatwa sita kwa mia ya mshahara wake mpaka kiwango fulani, na tajiri naye hutoa sita kwa mia yake mwenyewe. Stesheni masta hunung'unika anapoona makato. Kuna hayo, kuna bima ya afya ya 2.75 kwa mia tangu Oktoba 2024, kuna ya nyumba ya 1.5 kwa mia. Karatasi yake ya mshahara imejaa matobo kama jarife kuukuu. Lakini zile sita za tajiri hazikuwa mfukoni mwake kamwe, na zinamngoja. Nahodha akitaka bima hulipa yote peke yake. Akitaka akiba ya uzee huweka peke yake, na kwa mwaka wenye miezi mitatu mitupu, ni nani awezaye kuweka? Akivunjika mguu kwa foromali, stesheni masta ana sheria ya fidia ya kazini ya mwaka wa 2007. Nahodha ana mwenye chombo mwenye huruma, au hana.

Tena kuna mambo ya Serikali na maafa. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, Serikali iliweka kafyu ya usiku katika Lamu. Nyinyi mnajua kuliko mimi ni nini kufungiwa bahari usiku. Kwa mvuvi na kwa mwenye kungojea maji kujaa, usiku ni nusu ya kazi. Hizo nyakati zilizopotea, nani alilipa? Mwaka wa 2020, wakati wa korona, garimoshi la abiria la Mombasa na Nairobi lilisimamishwa tangu Aprili mpaka tarehe 13 Julai. Sisemi watu wa relwe hawakuona taabu. Nasema mtu mwenye hati ya kazi alikuwa na karatasi ya kwenda nayo kuuliza, "Mimi ni nani kwenu katika miezi hii?" Baharia angemwuliza nani, upepo?

Sasa habari ya kupanda cheo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko uliko moyo wa swali.

Ngazi ya relwe ina vidato vinavyoonekana. Lakini kwa muda mrefu vidato vya juu vilikuwa na mlinzi. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka wa 1896, stesheni masta walikuwa kwa kawaida Wahindi, na wakubwa wao Wazungu, na Mwafrika alikuwa wa nyundo na koleo. Mwaka wa 1948 tume ya Sir Maurice Holmes, iliyotazama mishahara ya utumishi wa serikali katika nchi zetu, ilikubali kanuni ya tatu kwa tano: asiye Mzungu, hata akiwa na sifa zile zile na kazi ile ile, alipwe tatu Mzungu anapolipwa tano. Kanuni hiyo ilikuja kuachwa baada ya tume ya Lidbury ya mwaka wa 1954. Fikirini kanuni kama hiyo. Hata ukipanda ngazi mpaka juu, ulikuta ngazi yako ni fupi kuliko ya jirani.

Wazee wetu hawakukaa kimya. Januari 1947 Mombasa yote iligoma siku 12, makuli wa bandari na watu wa relwe na wafanyakazi wa mahoteli pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao. Agosti mwaka ule ule Serikali ilimkamata ikampeleka mbali bara. Mgomo ule haukuwa wa stesheni masta, ulikuwa wa watu wa chini. Lakini mlango alioingia Mwafrika wa kwanza kukaa kiti cha stesheni masta ulisukumwa na mabega ya makuli, na hilo halisemwi sana siku za sherehe.

Baada ya Uhuru mlinzi wa rangi aliondoka. Akaja mlinzi wa cheti. Mimi ninajua kupanga magari katika stesheni usiku wa mvua bila taa. Ninajua sauti ya gurudumu bovu. Lakini kwa shule yangu ya msingi sitaitwa kwenye mafunzo ya stesheni masta, nami sikasiriki sana, kwa kuwa kazi ile ina maandishi mengi na maandishi yana roho za watu ndani yake. Ninalolisema ni kwamba kidato kipo, kimeandikwa, na mwanangu akisoma aweza kukipanda: stesheni ndogo, stesheni kubwa, kisha ukaguzi wa magari, kisha ofisi ya wilaya.

Ila ngazi yenyewe imehamishwa mara nyingi ukutani. Tangu 1948 relwe na bandari zilikuwa nyumba moja katika Afrika ya Mashariki, mpaka 1969 zilipotenganishwa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ilivunjika, na wengi waliokuwa wakiitumikia walihangaika miaka mingi kutafuta haki zao. Ikaja Kenya Railways. Mwaka wa 2006 uendeshaji ukapewa kampuni ya Rift Valley Railways, na maelfu wakapunguzwa kazi. Mwaka wa 2017 mkataba ule ukavunjwa, na mwaka huo huo reli mpya ikafunguliwa, uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni ya Kichina, Afristar. Mtu aliyeanza kazi kijana mwaka wa 1975 na kukaa mpaka uzeeni, ameona matajiri watatu wakipita juu ya reli ile ile. Kila tajiri alipokuja, cheo kilipimwa upya. Kwa hiyo msidanganywe na kofia na filimbi.

Ngazi ya chomboni haina maandishi. Mtoto aanza kwa kupika na kufua maji ya ngama. Kisha baharia, kisha sarahangi, kisha siku moja nahodha amechoka au amekufa, mwenye chombo anatazama huku na huku na kusema, "Wewe." Hapana mtihani ila bahari, na bahari haisahihishi kwa wino. Mtoto wa maskini kabisa aweza kuwa nahodha akiwa na miaka 25. Katika relwe hilo haliwezekani. Kwa upande huu nahodha amemshinda stesheni masta, na nimekubali mbele yenu.

Lakini juu ya nahodha pana nini? Zamani palikuwa na kitu. Majahazi yalikwenda Uarabuni na boriti za mikoko za Lamu, na nahodha mwenye jina aliaminiwa na wafanyabiashara, akapewa mali kwa maneno matupu, na wengine wakaja kununua vyombo vyao. Biashara hiyo ilififia, na mwaka wa 1982 Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje. Mwaka wa 2018 ukataji wenyewe ukasimamishwa kwa muda katika nchi nzima. Nahodha wa leo abeba mchanga, mawe, simenti, watalii. Akishakuwa nahodha amefika dari. Kijana wa miaka 25 amefika mahali atakapokuwa akiwa na miaka 60, ila macho yatakuwa yamepungua.

Na sasa mlinzi wa cheti ameshuka mpaka baharini. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka wa 2004, hukagua vyombo vidogo na kutaka anayeviendesha awe na hati. Mimi sipingi. Watu wamezama katika mikondo hii, na jaketi la kuokolea si anasa. Lakini lazima tuseme wazi kwamba ngazi ile iliyokuwa wazi kwa mtoto wa maskini imewekwa mlango, na mlango wafunguliwa kwa Kiingereza cha fomu.

Nitawapa kisa kimoja. Nahodha mmoja, simtaji jina, alipeleka mawe na mchanga kwa miaka. Mkanda aujua akiwa amefumba macho, ajua wapi maji yaficha mwamba na saa ngapi. Alikwenda kwenye kampuni moja, nayo siitaji, kuomba kazi ya kusimamia mashua za kazi. Akaulizwa cheti. Hana. Akaambiwa kuna nafasi ya mlinzi wa usiku. Yule aliyepewa usimamizi alikuwa kijana mpole na mwenye vyeti vizuri, na wiki ya kwanza alikuja kumtafuta mlinzi wake wa usiku amweleze maji. Wote wawili hawana kosa. Kijana alisoma, mzee alivua. Lakini tazama karatasi ya mshahara: ujuzi ule ulilipwa kama ujuzi wa kushika kurunzi.

Katika sheria kuna mlango wa jambo hili. Sheria ya mwaka wa 2014 ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu inataja kutambuliwa kwa ujuzi ambao mtu ameupata bila kupitia shuleni, yaani apimwe kwa alijualo, kisha apewe hati. Nahodha apimwe majini, na ayajibu maswali kwa Kiswahili. Hili ni jambo la chama kulidai, kwa barua, tena kwa sahihi nyingi.

Na haja ya karatasi nyinyi Waamu mmekwisha kuiona. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni hukumu kubwa, na waliokwenda mahakamani wastahili heshima. Lakini baada ya hukumu likaja swali gumu kuliko hukumu: mvuvi ni nani? Aliye katika orodha. Na aliyekuwa baharini siku ya kuandikisha, je? Mtu aweza kuvua miaka 30 na akakosa mstari mmoja katika daftari.

Kwa hiyo kijana wetu aende wapi? Mimi nimeombwa shauri na nitalitoa. Kwa fedha za mwaka mzima na kwa uzee, kiti cha stesheni masta, au kiti kinachofanana nacho bandarini, kimemzidi nahodha. Kwa heshima na kwa kuwa mkubwa mapema, nahodha amezidi. Kama kijana ana vyeti, na aende akapimwe kwa nafasi za usimamizi bila haya, lakini kwanza akae chomboni kwa baba yake misimu miwili, kaskazi na kusi, ili asiwe msimamizi wa kumtafuta mlinzi wake usiku. Kama hana vyeti, asiambiwe kwamba amepotea. Aambiwe ashike usukani, na chama kipigane ili usukani huo uwe kazi yenye hati.

Maana hili la pili ndilo letu. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Wenye vyombo watasema, "Nahodha si mfanyakazi wangu, ni mshirika wangu, tunagawana." Vyema. Mshirika huona daftari. Mshirika hujua nauli ilikuwa kiasi gani. Nimewauliza manahodha hapa, na wengine wameniambia kwamba nauli hupokelewa mjini na mwenye chombo, nao huambiwa tu jumla. Mtu asiyeonyeshwa hesabu na anayeweza kuondolewa kwa neno moja la jioni, huyo ni mfanyakazi hata ukimwita mfalme.

Wako ndugu katika chama wanaosema nahodha asiingizwe, kwa kuwa yeye ndiye anayewagawia mabaharia na kuwafukuza. Shaka hiyo si ya bure. Hata relwe na mahali pengine, toka makubaliano ya mwaka wa 1962 baina ya Serikali, matajiri na vyama, mtu akipanda mpaka cheo cha umeneja hutolewa katika wale wanaosemewa na chama. Wengine hupandishwa cheo kwa shabaha hiyo hiyo: aliyekuwa mkali mkutanoni hupewa meza, na tangu siku hiyo amenyamaza. Lakini nahodha hana meza. Alala juu ya shehena pamoja na mabaharia wake, na mgao ukiwa mdogo ni mdogo kwake pia. Tukimwacha nje, tutakuwa tumemkabidhi kwa mwenye chombo, naye mabaharia watamfuata, kwa sababu bahari yenyewe imewazoeza kumfuata.

Mzee mmoja ameniuliza nje kabla hatujaanza: kama nahodha ataandikiwa mshahara wa mwezi, je, mwaka wa shehena nyingi hatapoteza? Mzee wangu, atapoteza ikiwa mshahara utakuja mahali pa mgao. Lisilo budi ni kudai vyote viwili: kima kidogo kilichoandikwa kwa kila mwezi, hata chombo kikiwa pwani, na mgao juu yake chombo kikisafiri. Kima hicho cha baharia kisipungue kile cha kibarua wa kawaida wa Lamu, na cha nahodha kiwe juu yake. Kadhalika jina la kila mtu liandikishwe NSSF, mwenye chombo atoe sehemu yake, na hesabu ya nauli isomwe mbele ya watu wote kabla ya kugawa.

Karani wa mkutano ana karatasi. Kila nahodha ajaze safari zake tatu za mwisho: nauli, gharama, nusu ya chombo, idadi ya sehemu, na siku ngapi chombo kilikaa bila kazi. Asiyeandika amwambie kijana aliye karibu naye amwandikie. Jina la mwenye chombo lisiandikwe. Mimi naondoka na mashua ya asubuhi, na ningependa kuzichukua karatasi hizo Mombasa zikiwa zimejaa.